Shina la Kupumulia

Nimo katika kitabu kimoja kinachouzwa Ruiru na Thika, kwenye meza za nje ya makanisa, kati ya kalenda na chupa za mafuta ya upako. Sina jina humo. Sina hata sentensi moja ninayoitamka. Nimo kama mkono ulioshika msumeno, kisha kama visiki vilivyobaki mkono huo ulipomaliza kazi yake. Aliyenitia humo alikuwa mume wangu kwa miaka saba. Siku hizi ni mwandishi.

Jalada linasema ni riwaya ya kiroho. Ilichapishwa Thika, katika duka linalochapisha pia kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, na ukimtazama vizuri yule njiwa wa jalada, ni njiwa niliyemwona kwenye mazishi mawili ya hapa kwetu Mugutha, karibu na Ruiru, akipaa kutoka wingu lile lile. Shujaa anaitwa Msafiri. Anaamka asubuhi moja na kugundua kwamba hajijui. Anatoka nyumbani, anafuata mto, anapita malango saba, anakaa jangwani siku arobaini, anapewa kioo na mzee asiye na macho, na mwishoni anajiona ndani ya kioo hicho, analia machozi ya furaha. Mimi nilikuwepo. Mto alioufuata ni barabara kuu. Jangwa ni mtaa wa Githurai 45, chumba kimoja juu ya bucha, na huko jangwani hakukaa peke yake. Lakini hayo siyo yaliyonikera. Mtu akitaka kuiita Githurai jangwa, hayo ni yake na watu wa Githurai.

Kilichonikera ni sura ya tatu. Msafiri anarudi nyumbani jioni moja na kukuta mke wake ameikata kahawa yote iliyopandwa na marehemu mama yake. Nimeisoma sehemu hiyo mpaka imenikaa kichwani: "Alikata kila mti chini ya goti, akaukata kwa mshazari kama mtu akataye shingo, na katika kila mti akaacha shina moja tu limesimama, ili lishuhudie wenzake walivyokufa. Nikajua kwamba shina hilo ni mimi." Hapo ndipo anapofunga mkoba. Safari yote inaanzia hapo, malango yote, machozi yote. Mke aliua kahawa ya mama, mume akaiona nafsi yake katikati ya visiki, akaenda kuitafuta.

Sasa ngoja niseme yangu, maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kahawa haiuawi hivyo. Hivyo ndivyo inavyofufuliwa. Mti wa kahawa ukizeeka, mashina yake hurefuka na kubaki matupu, ukazaa kule juu tu ambako hata ngazi haifiki vizuri. Basi mwezi wa pili, kabla ya mvua, unachukua msumeno. Unakata chini ya goti. Unakata kwa mshazari ili maji yateremke, yasitulie kwenye kidonda na kuozesha kisiki. Na katika kila mti unaacha shina moja lenye majani, la kupumulia. Mti ukiukata wote kwa siku moja unaweza kukosa nguvu ya kuchipua, kwa hiyo shina hilo moja linailisha mizizi mpaka machipukizi yatoke. Yakishashika, nalo unalikata. Baada ya miaka miwili unachuma ukiwa umesimama chini, kahawa nyekundu mpaka mkono unachoka.

Aliyenifundisha hayo ni mama yake mwenyewe. Nilimwita Maitu, kama ninavyomwita mama aliyenizaa. Miguu ilikuwa imeshamkataa, akawa anakaa juu ya debe lililopinduliwa kati ya mistari, ananiita, ananionyesha kwa kidole. Hili hapana. Hili ndilo. Siku moja alilishika shina kuukuu akalitikisa, akasema kahawa yake imechoka, mwezi wa pili ikatwe yote. Akafa mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa pili ulipofika nilikata, miti sitini na kitu nyuma ya nyumba, kwa siku tatu.

Mwanawe hakuyajua hayo. Alizaliwa ndani ya kahawa hiyo, ikamlipia shule, akapelekwa bweni akiwa mdogo, akarudi na shati jeupe na kazi ya ukarani katika kiwanda kimoja cha Thika. Kahawa aliijua ya kwenye kikombe, na ile ya kuiona kupitia dirishani akipiga mswaki. Mtu wa Mombasa angeona visiki vile angeuliza, kwa sababu angejua kwamba hajui. Huyu wetu hangeweza kuuliza. Ni mtoto wa kahawa, atauliza nini?

Na sitajifanya malaika. Wiki ile nilikuwa nimesikia habari za chumba cha juu ya bucha na aliyekuwa akimpikia humo. Nilikata nikiwa na hasira ya kutosha kuangusha msitu. Nilikata nikimtukana, yeye na huyo wake, mti kwa mti. Lakini nilikata sawasawa. Kila kisiki urefu wake, kila mshazari mahali pake, kila mti na shina lake la kupumulia. Mvua ilipokuja vilichipua vyote, na yeye hakuwahi kurudi kutazama. Alikuwa anajitafuta.

Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kanisani kikaamua kukisoma kitabu hicho. Tunakutana Jumamosi alasiri, nyumba kwa nyumba, kwa chai na nduma. Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na riwaya yoyote ile anaisoma kama kwamba mtihani ni Jumatatu. Alikuja na karatasi ya manila, akaibandika ukutani juu ya televisheni, akaigawa kwa mstari. Kushoto akaandika *kitu*, kulia akaandika *maana yake*. Mto, ubatizo. Malango saba, majaribu. Jangwa, toba. Hapo nilicheka, nikasingizia chai kuwa moto. Kioo, neno la Mungu. Msumeno, ulimi wa mwanamke. Akafika kwenye visiki, akageuka na kalamu yake.

"Na visiki? Tuseme vinasimamia nini, akina mama?"

Wote walijua. Ruiru si kubwa hivyo. Walijua kitabu ni cha nani na kahawa ni ya nani, na wote kwa pamoja wakaanza kutazama vikombe vyao.

"Moyo mgumu," mmoja akasema.

"Mke asiyeomba," akasema mwingine, kwa sauti ndogo, kama anayetoa sadaka.

Mwalimu akaandika zote mbili.

"Visiki ni visiki," nikasema. "Ni kahawa imekatwa ndio ichipue. Kwenu hamkuwa na kahawa?"

"Mami, sasa tuko kwa ishara," mwalimu akaniambia polepole, ile sauti ya kumwambia mtoto aketi. "Tusirudi tena kwa shamba."

"Na usichukue personal, mum," akaongeza yule wa mke asiyeomba. "Hii ni hadithi tu."

Huyo wa hadithi tu ana nyumba ya kupangisha ya ghorofa nne mahali palipokuwa na kahawa ya baba yake. Aliing'oa kwa tingatinga, mizizi na yote, na hakuna aliyemwandikia riwaya. Nilimtazama mpaka akaanza kutafuta kijiko chake chini ya meza. Kisha nikasimama, nikaondoka na kipande changu cha nduma mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeshakitia chumvi. Jumamosi iliyofuata nilirudi nikakaa kiti kile kile. Mimi si mtu wa kufukuzwa na karatasi ya manila.

Ugomvi wangu na ishara si kwamba sizielewi. Nilisoma fasihi mpaka kidato cha nne na nikapita. Ugomvi wangu ni kwamba mtu anayependa ishara kupita kiasi hakiangalii tena kitu chenyewe. Akishasema kisiki ni moyo mgumu, hana haja ya kuinama akaona chipukizi limeanza kutoka upande wa chini. Na hao wanaojitafuta, wa kitabuni na wa hapa duniani, mbona wakati wote wanaotafuta kuna mtu mwingine nyumbani anapeleka mtoto kliniki? Msafiri alipita malango saba. Mimi nilipita lango moja tu, la shule ya chekechea, asubuhi na saa sita, miaka miwili mfululizo. Hakuna aliyenipa kioo.

Mtoto huyo ndiye sababu ya mimi kuandika haya. Ni msichana. Baba yake alipoondoka alikuwa na miaka minne, sasa ana kumi na tisa na anasoma chuo. Kikundi cha akina mama kingeandika lolote kwenye manila yao, ningevumilia. Yeye ndiye niliyemwogopa.

Alipokuwa darasa la nne alitoka kwa shangazi yake wa upande wa baba, akanijia jikoni. "Mum, ni kweli ulikata kahawa ya Cucu?" Cucu ni nyanya yake, Maitu. Nilikuwa naosha vyombo. Nikasema, "Ndiyo, niliikata." Nikaendelea kuosha. Akasimama hapo kidogo, halafu akaenda kucheza. Nilijiambia kwamba ni mtoto, atasahau.

Hakusahau, wala mimi. Mzunguko uliofuata, miti ilipodai kukatwa tena, nilitoa msumeno darini, nikaunoa, nikaurudisha. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Niliona haya, hilo ndilo neno lake. Nikaiacha kahawa ikarefuka mpaka ikapita mabati ya jikoni. Tukawa tunaichuma kwa ngazi, na kwa kamba ya kuinamishia matawi, na kinachotoka hakijazi hata gunia. Majirani wamejenga pande zote tatu, nguo zao zinaning'inia juu ya miti yangu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia kwamba inahitaji kukatwa, kwa sababu hakuna aliyejua. Binti yangu amekua akiichuma hivyo kila likizo, akidhani kahawa ndivyo ilivyo, mti wa kupandia ngazi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja nyumbani na kitabu mkononi. Alikuwa ameanza kuonana na baba yake, na sikumkataza. Alikaa pale nje akimenya viazi, akaniambia bila kuniangalia.

"Mum, sasa ndio Daddy anafanya launch ya kitabu, Thika. Ameniomba nisome."

"Usome nini?"

"Chapter three."

"Kati ya sura zote?"

"Ndiyo iko na ishara mingi." Akamenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama jicho. "Mum, hizo kahawa ulizikata kwa nini?"

Hapo ndipo ningesema. Viazi vilikuwa bado nusu sufuria, hakukuwa na haraka ya chochote. Lakini nilikiona kitabu kile kimelala mapajani mwake, amekikunja ukurasa wa sura ya tatu, na hasira ikanipanda mpaka ikakaa mahali pa maneno.

"Soma kitabu cha baba yako," nikamwambia. "Kina majibu yote."

"Sawa," akasema. Kisha: "Si ukuje?"

Nilisema nitakuja. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu moja tu, na sikuweza kumwambia mtu. Kwamba atasimama mbele ya watu na kuvisoma visiki vile kwa sauti yake, sauti niliyoilea mimi kwa uji na kwa kelele, na akishamaliza kusoma awe ameamini.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, adhuhuri, katika ukumbi wa kanisa moja mjini Thika. Walikuwa wamefunga vitambaa vya zambarau na dhahabu kwenye viti, na kijana wa kinanda akipiga kitu cha polepole kisichoisha. Kikundi chetu kilikuja chote, wamevaa sare. Mwandishi alikuwa mlangoni na shati la kitenge, akisalimia watu kwa mikono miwili. Amekonda. Amefuga ndevu, zinamfaa, na hilo nalo lilinikera.

"Habari ya siku nyingi, mama," akaniambia.

"Mzuri. Ulipata ulichokuwa unatafuta?"

"Kwa neema yake, nilipata."

"Kilikuwa wapi?"

Akatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu huruma kabla hajaombewa, akanielekeza safu ya tatu.

Binti yangu alisoma vizuri. Natamani ningesema alisoma vibaya. Alisimama wima, hakukimbiza maneno, na alipofika kwenye shina lililoachwa ili lishuhudie wenzake walivyokufa, alishusha sauti, na akina mama wa mbele yangu wakatoa vitambaa. Yule wa ghorofa nne alilia kwa sauti. Hakunitazama hata mara moja, binti yangu. Alipomaliza watu walisimama wakapiga makofi, na baba yake akamkumbatia, na mimi nikabaki nimekaa, mikono juu ya kipochi.

Wakaruhusu maswali. La kwanza lilikuwa kama mwandishi aliandika akiwa amefunga. La pili, kipaza sauti kikapelekwa nyuma kabisa, kwa mama mmoja mnene wa makamo aliyesema amechuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya huku tangu alipotoka magharibi mwa nchi akiwa msichana, na amekuja kwa sababu mwanawe anaimba kwaya.

"Mimi nauliza hiyo shina moja," akasema. "Huyo bibi aliacha ya nini?"

Mwandishi akafumba macho kidogo. Akaeleza kwamba shina ni nafsi, kile kinachobaki mtu akishapoteza yote, mabaki ambayo Mungu hujihifadhia. Watu wakaitikia amina.

"Eeh, hiyo nimesikia," yule mama akasema. "Lakini na kukata ni ya mshazari, na ni chini ya magoti. Mimi nilifikiri hiyo ni ya kupumua."

Watu wengine wakacheka, si kwa ubaya, wakidhani ni fumbo lake jipya. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na kuandika kitu kwenye daftari lake, nafsi kama pumzi, bila shaka. Mwongoza sherehe akasema asante mama, swali zuri sana, na kipaza sauti kikachukuliwa. Lakini binti yangu aligeuka. Kutoka kule mbele alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Ningesimama wakati huo. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mtu nisiyemjua, ilibaki mimi nipite tu. Nilikaa. Nilikitazama kipochi changu, nikafungua zipu yake, nikaifunga. Nilipoinua macho alikuwa ameshageuka tena.

Alirudi nami Mugutha. Alikula kidogo, akasema amechoka, akaingia chumbani kwake na kitabu.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilitoa msumeno darini asubuhi, nikavaa gamboti, nikaenda nyuma ya nyumba. Vipaza sauti vya makanisa vilikuwa vimeshaanza, vitatu kwa wakati mmoja, kila kimoja kikijaribu kukizidi kingine. Nilianza mti wa kwanza wa mstari wa kwanza. Shina la kwanza lilianguka juu ya mabati ya jikoni kwa kishindo, na nadhani hicho ndicho kilichomwamsha.

Alitoka na leso kifuani, bila viatu. Akasimama pale pale penye ua, karibu na bomba.

"Mum! Unafanya nini?"

Nilishusha msumeno. Ni pale pale, na ni maneno yale yale, na hata uso ni ule ule, nyusi zimepanda hivyo hivyo kama za mtu anayeona nyumba ikiungua.

Nimesema hapo juu kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilidanganya. Nimeudanganya uongo huo kwa miaka kumi na mitano mpaka nikauzoea. Aliniuliza. Baba yake alitoka kazini jioni ya siku ya tatu ya kukata, siku mbili hajalala nyumbani, akasimama penye bomba na shati lake jeupe, akasema, "Unafanya nini?" Nikamwona usoni kwamba ameelewa vibaya. Nilimwona wazi kabisa. Anadhani nimeiua. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kumwambia, ngoja mvua, zitachipua, na yalikuwa yameshafika ulimini. Na Maitu pale juu ya debe lake alikuwa ameniambia nisikate peke yangu, nikate na mwanawe, nimfundishe, kwa kuwa yeye alichelewa kumfundisha. Niliyameza yote. Nilitaka aumie. Nikamwambia, "Nimeimaliza," na nikamtazama akiingia ndani kuchukua begi.

Angeondoka tu, najua. Chumba cha juu ya bucha kilikuwa kimeshalipiwa. Lakini kitabu kile hangekiandika hivyo, au angekiandika akijua anadanganya. Sura ya tatu niliiandika pamoja naye.

"Mum, nimekuuliza," binti yangu akasema.

"Nakata ili ichipue," nikamwambia. "Kahawa ikizeeka hukatwa. Chini ya goti, kwa mshazari. Hili moja ninaliacha mti upumue. Cucu wako ndiye alinifundisha. Mara ile ya kwanza pia nilikata hivi hivi, na mashina haya yote ambayo umeyapanda kwa ngazi tangu utotoni ndiyo yaliyochipua."

Alikuja mpaka kwenye kisiki, akainama, akakigusa kwa kiganja. Kilikuwa bado na unyevu.

"Kwa hivyo yule mama wa jana," akasema.

"Alikuwa sawa."

"Na Daddy hajui."

"Hajui."

"Hakukuuliza?"

Hapo, tena. Uongo ulikuwa tayari, umenolewa kama msumeno, na angeuamini, na ningekuwa nimeshinda.

"Aliniuliza," nikasema. "Pale uliposimama wewe. Nikamwacha aamini nimeiua."

Kwenye kipaza sauti kimoja walikuwa wanakemea mapepo, kwenye kingine wanatangaza harusi.

"Na mimi? Nilipokuuliza nikiwa class four?"

"Hivyo hivyo."

"Na mwezi jana, tukimenya viazi?"

"Hivyo hivyo."

"Na jana umekaa tu pale. Nimesoma mbele ya watu wote nikikuona wewe ndio umeua, Mum. Nilikuwa nasoma nikikuchukia. Na wewe umekaa hapo row ya tatu unajua."

"Ndiyo."

Nilitarajia alie, au aniambie maneno ya kuniumiza, na nilikuwa nimestahili. Alitoa tusi moja tu, la Kikuyu, ambalo sikujua analijua, na sikujua kama lilikuwa langu au la baba yake au la sisi sote wawili. Akaingia ndani. Nikasikia milango. Nikafikiri, anafunga begi. Nikakata shina la pili bila kuona ninachokata.

Alirudi amevaa suruali ya zamani na viatu vya raba. Akanyoosha mkono, nikampa msumeno. Akaenda mti uliofuata, akauzunguka, akauangalia kutoka chini mpaka kule juu penye nguo za jirani.

"Tunaacha gani?"

"Lenye majani mengi. Hilo la upande wako."

"Na hii nakata wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Akaweka meno ya msumeno kwenye gome, akavuta mara mbili, akasimama. Hakugeuka.

"Na ukiona nakosea, utaniambia? Ama utaniangalia tu?"

Alikuwa ameshakosea. Mshazari wake ulikuwa unaelekea ndani, katikati ya mti, mahali ambapo maji yote ya mvua yangeingia na kutulia. Nikamwambia.